Kampuni Binafsi, Pesa za Watu Wengi: Sheria na Hesabu za Kuchangisha Mtaji Mtandaoni

"Tunapanua kiwanda chetu cha maziwa. Wekeza kuanzia shilingi 50,000, upate faida ya asilimia 20 kila miezi sita. Mtaji wako uko salama, unaurudisha wakati wowote. Tuma pesa kwa namba hii."

Matangazo ya namna hii hupita kila siku kwenye status za WhatsApp na kurasa za Instagram, kuanzia Nairobi hadi Mwanza. Mara nyingi aliyeyaandika si tapeli. Ana mashine, ana wateja, na benki imemkatalia mkopo kwa kuwa hana hati ya kiwanja ya kuweka rehani. Ila kwa maneno hayo machache ameshaingia pabaya mara tatu. Neno "wekeza" linamfikisha kwa mamlaka ya masoko ya mitaji. Ahadi ya kurudisha mtaji "wakati wowote" inafanya pesa hiyo ifanane na amana, na kupokea amana ni kazi ya benki. Kulibandika tangazo mahali ambapo yeyote anaweza kulisoma kunagongana na sheria ya makampuni, inayoikataza kampuni binafsi kualika umma. Namba ya simu ya mkurugenzi nayo itamletea maswali ya kodi, lakini hayo yanaweza kusubiri kidogo.

Tatizo huanzia kwenye mpangilio wa mambo. Watu huchagua kwanza mahali pa kuchangisha, kisha wakatengeneza bango, kisha wakafungua namba ya malipo. Swali linaloamua sheria ipi itatumika huja mwisho kabisa, au halijaulizwa: anayetoa pesa yake anarudishiwa nini?

Majibu yanayowezekana ni manne. Harudishiwi kitu, basi huo ni mchango. Anapewa bidhaa, basi ni mauzo ya kulipia mapema. Anarudishiwa pesa yake na riba, ni mkopo. Anapewa sehemu ya kampuni, ni hisa. Kila jibu lina sheria yake, mamlaka yake na kodi yake, na mtu hawezi kuyachanganya mawili kwenye tangazo moja akabaki salama.

Mchango wa bure hauhitaji maelezo marefu. Kenya ina M-Changa, iliyokuwapo tangu 2012, na watu wameizoea kwa harusi, matibabu na karo. Biashara binafsi inaweza kuomba mchango, lakini wachache humpa mfanyabiashara pesa ya bure, labda ghala limeungua au mafuriko yamebeba mali. Sharti ni kwamba pesa itumike kwa jambo lililotangazwa. Ukiombea pampu ya maji ukanunua gari, hilo ni suala la jinai, na mwanasheria wa upande wa pili hatapata shida kulieleza mbele ya hakimu.

Kuanzia hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Hisa, na ukuta wa watu hamsini

Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 9, inaitambua kampuni binafsi kwa mambo yaliyomo katika katiba yake: inabana uhuru wa mwanachama kuhamisha hisa, inaweka kikomo cha wanachama 50, na inakataza kuualika umma kununua hisa au hatifungani (hati za mkopo) za kampuni. Tanzania, Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inasema karibu hayo hayo katika kifungu cha 27. Wafanyakazi wa kampuni waliopewa hisa hawahesabiwi ndani ya hao hamsini. Wengine wote wanahesabiwa, hata yule aliyeweka shilingi elfu mbili.

Angalia kwamba katazo limetaja hatifungani pia. Wapo wanaodhani watakwepa kwa kutotoa hisa, wakagawa hati za mkopo zenye riba kwa yeyote anayetaka. Mlango huo sheria ilishaufunga.

Umma ni nani? Hapo pana ubishi, na mawakili wanaishi kwa ubishi huo. Katika mapokeo ya sheria tuliyorithi kwa Waingereza, kinachopimwa ni kama mwaliko umewalenga watu fulani wanaojulikana, na kama ni hao tu wanaoweza kuukubali. Ukiwaandikia barua watu kumi na watano, kila mmoja kwa jina lake, ukawaambia nafasi haihamishiki kwa mwingine, una hoja nzuri kwamba hilo ni jambo la ndani. Kundi la WhatsApp la watu 200 waliosoma shule moja halina utetezi huo, hasa kama kiungo cha kujiunga kinazunguka. Ukurasa wa wazi wa Facebook hauhitaji hata mjadala. Watu wengi huhesabu waliolipa na kujiona wako ndani ya hamsini. Katazo la mwaliko halijali waliolipa. Tangazo likionekana hadharani, kosa limetimia hata kama hakuna aliyetuma senti.

Sasa mtu ana kampuni nzuri na watu 300 walio tayari kumpa pesa. Afanyeje?

Njia ya kwanza ni kugeuza kampuni kuwa ya umma. Kampuni ya umma si lazima iorodheshwe soko la hisa. Ni aina ya usajili tu. Kenya imeiwekea kiwango cha chini cha mtaji wa hisa cha shilingi 6,750,000, na hesabu zake lazima zikaguliwe. Tena, kualika umma kwa kawaida kunadai waraka wa matarajio (taarifa kamili ya kampuni kwa wanunuzi wa hisa) ulioidhinishwa na mamlaka, kazi inayohitaji mkaguzi wa hesabu, mwanasheria na mshauri wa uwekezaji. Kwa anayetafuta milioni tano, gharama ya karatasi inaweza kula sehemu kubwa ya pesa yenyewe.

Njia ya pili, ambayo Wamarekani na Waingereza wanaitumia sana, ni kuwakusanya wachangiaji wote nyuma ya jina moja. Daftari la wanahisa linaonyesha mwanachama mmoja tu, naye anashika hisa kwa niaba ya wengine. Hapa kwetu wengi hujikwaa mahali pamoja: wanaunda kampuni ya pili ili iwe ndiyo mwanahisa, halafu wanawaingiza watu wote 300 ndani yake. Kampuni hiyo ya pili nayo ni binafsi, nayo ina ukuta wa hamsini. Hawajatatua chochote, wamelipia usajili mara mbili. Kinachofanya kazi ni mdhamini anayeshika hisa kwa hati ya udhamini, au chama cha ushirika, ambacho kimeumbwa kwa ajili ya wanachama wengi. Hati ya udhamini iseme wazi nani anapiga kura na vipi, gawio linapitia akaunti gani, na mdhamini akifa au akifilisika hisa zinakwenda kwa nani. Usisahau pia kwamba Kenya na Tanzania zote sasa zinadai wamiliki halisi waandikishwe. Kenya imeweka mstari kwenye asilimia 10, kwa hiyo aliyejificha nyuma ya mdhamini akiwa na kiwango hicho anapaswa kutajwa kwa msajili.

Njia ya tatu ni kupitia jukwaa la mtandaoni lenye leseni, linalowakutanisha wachangishaji na wawekezaji.

Leseni, na viwango vya wenzetu

Kenya ilianza kwa majaribio. Mwaka 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ilipokea makampuni ya kwanza kwenye uwanja wake wa majaribio, Pezesha ikiwa mojawapo, ikiwa na mfumo wa kuwaunganisha wakopeshaji na biashara ndogo. Mwaka uliofuata Pezesha ikapewa barua ya kutokuwa na pingamizi, yaani ruhusa ya kuendelea. Mwaka 2022 zikatoka kanuni kamili za uchangishaji wa uwekezaji. Zinahusu hisa na mikopo. Haziihusu michango ya hisani wala mauzo ya bidhaa. Jukwaa lazima liwe na leseni ya CMA, biashara inayochangisha ina kikomo cha shilingi milioni 100 ndani ya miezi 12, na mwekezaji wa kawaida amewekewa kiwango asichoruhusiwa kukipita.

Wafanyabiashara hulalamikia vikomo hivi, lakini ndivyo vilivyofanya sheria ikubali kulegea. Serikali imesema: tutakusamehe waraka mzito wa matarajio, ila ukianguka, asianguke nawe mtu aliyeuza shamba. Nigeria ilifuata mantiki hiyo hiyo mwaka 2021, baada ya baadhi ya majukwaa ya kilimo kuchelewa kuwalipa watu waliowekeza. Kule biashara ndogo kabisa inaruhusiwa naira milioni 50 kwa mwaka, ndogo milioni 70, ya kati milioni 100, na mwekezaji wa kawaida asitoe zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake cha mwaka. Umoja wa Ulaya una kikomo cha yuro milioni 5, unadai karatasi ya taarifa muhimu isiyozidi kurasa sita za A4, na unampa mwekezaji wa kawaida siku nne za kutafakari na kughairi bila kueleza sababu.

Marekani ndiko kwenye masharti yaliyochambuliwa zaidi, na hata asiyechangisha huko atajifunza kitu. Sheria ya uchangishaji huu ilitiwa saini Aprili 2012, na masharti yake yakaanza kutumika Mei 2016. Kikomo kilikuwa zaidi kidogo ya dola milioni moja. Tangu Machi 2021 ni dola milioni 5 kwa miezi 12. Kampuni inapaswa kutumia jukwaa moja tu lililosajiliwa, na taarifa zake zikae hadharani kwa siku 21 kabla ya hisa kuuzwa. Mwekezaji anaweza kughairi hadi saa 48 kabla ya mwisho, na kwa kawaida haruhusiwi kuuza hisa zake ndani ya mwaka wa kwanza. Hesabu za kampuni hupimwa kulingana na kiasi kinachotafutwa: hadi dola 124,000 mkurugenzi anazithibitisha mwenyewe, zaidi ya hapo mhasibu huru anazipitia, na kwa viwango vya juu unadaiwa ukaguzi kamili. Kisha kuna ripoti ya kila mwaka, ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Hiyo ripoti ndiyo wengi huisahau, maana wakati huo pesa ilishaingia na furaha imekwisha.

Tanzania mlango ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ushauri wa kazi ni mmoja: andika barua kabla ya tangazo, eleza kwa kurasa mbili unachotaka kufanya, nani atachangia, atapata nini, na pesa itakaa wapi. Barua hiyo inaweza kuchelewa kujibiwa, na inaudhi. Hata hivyo kumbukumbu kwamba uliuliza ina thamani kubwa siku ukiitwa kujieleza.

Kuku wangu, kazi yako

Kuna mpango unaojirudia Afrika Mashariki yote. Kampuni haiuzi hisa. Inauza kuku, mbuzi, mizinga ya nyuki au miche ya vanila. Wewe unanunua kuku 200, kampuni inawafuga kwa niaba yako, inawalisha, inawauza, na baada ya miezi kadhaa unapokea pesa yako na faida. Wenyewe husema hawavunji sheria yoyote, kwa kuwa wanauza mifugo.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na hoja hiyo mwaka 1946. Kampuni ya W. J. Howey ya Florida iliuza vipande vya mashamba ya machungwa kwa watu ambao wengi hawakuwa wakulima wala wakazi wa hapo, ikaambatanisha mkataba wa kuyahudumia. Mahakama ilisema huo ni uwekezaji unaosimamiwa na sheria ya dhamana za mitaji (hisa, hatifungani na mfano wake), kwa kuwa watu waliweka pesa kwenye shughuli ya pamoja wakitegemea faida itokane na juhudi za wengine. Mchungwa ulikuwa pambo la mkataba. Kipimo hicho si sheria ya Kenya wala Tanzania, lakini wasimamizi wa huku nao hutazama kiini cha mpango, jina likiwekwa kando. Jiulize: mnunuzi anaweza kuja kesho kuwachukua kuku wake 200 na kwenda nao nyumbani? Kama hata hajui banda lilipo, hajanunua kuku.

Mipango hii ina shimo lingine, na hili ni la hesabu. Ahadi ya faida imefungwa, mavuno hayajafungwa. Mdondo ukiingia bandani, au bei ya chakula cha kuku ikipanda, mwenye mradi bado anadaiwa asilimia ile ile. Wengi huanza hapo kulipa wa zamani kwa pesa ya wapya, kwanza kwa mzunguko mmoja tu "wa kujiokoa." Tangu siku hiyo mradi si wa kuku tena. Ni upatu, na kwa Tanzania upatu wa namna hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, mpango uliopokea pesa za watu kwa ahadi ya kuwarudishia na faida. Serikali iliisimamisha, na viongozi wake wakatiwa hatiani katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2013. Mashtaka yalikuwa mawili: kuendesha upatu, na kupokea amana za umma bila leseni.

Hilo shtaka la pili ndilo linaloweza kumkuta hata mwenye mradi halali. Kinachoifanya pesa ionekane amana ni kupokelewa kutoka kwa umma kwa ahadi ya kurudishwa, yote au pamoja na nyongeza. Anayekopa kwa watu sita, kila mmoja akiwa na mkataba wake wenye tarehe ya kulipa na dhamana iliyotajwa, amekopa. Anayepokea kutoka kwa kila anayekuja, kwa kiwango kimoja kilichobandikwa, huku wengine wakichomoa na wengine wakiingiza, anafanya kazi ya benki. Kwa hiyo neno "wakati wowote" kwenye lile tangazo la maziwa ndilo baya kuliko yote, ingawa mwenyewe aliliweka ili kuwatia watu moyo.

Kuuza kabla ya kutengeneza

Baada ya hofu zote hizo, wengi huona njia ya bidhaa ni nyepesi. Kweli, kisheria ni nyepesi zaidi: hakuna hisa, hakuna riba, mamlaka ya mitaji haihusiki. Nairobi ina mfano wake mzuri. Mwaka 2013 timu ya Ushahidi, shirika la teknolojia la Nairobi, ilipeleka Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha kwa kuuza mapema, kifaa cha intaneti kilichoitwa BRCK, kilichobuniwa kwa ajili ya mahali umeme unapokatika. Lengo lilikuwa dola 125,000, zikapatikana zaidi ya 170,000, na vifaa vikaanza kutoka mwaka uliofuata.

Ugumu wa njia hii uko kwenye kikokotoo. Tuchukue karakana ya Nakuru inayotengeneza jiko linalotumia kuni kidogo. Inaliuza mapema kwa shilingi 6,000, nao watu 500 wanalipa. Hizo ni 3,000,000, na kwenye picha ya ukurasa inaonekana kama milioni tatu za mtaji. Hesabu halisi ni hii. Kama karakana imesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16 yake imo ndani ya bei, yaani 413,793. Ada ya jukwaa asilimia 5, 150,000. Ada za malipo, tuseme asilimia 3, 90,000. Kutengeneza kila jiko 3,800, jumla 1,900,000. Kulifikisha kwa mteja 350, jumla 175,000. Zinabaki 271,207. Majiko 25 yakivunjika njiani au kurudishwa na kubadilishwa, toa 103,750 nyingine. Mtaji uliopatikana ni shilingi 167,457. Kodi uliyolipa kwenye mabati na vifaa itapunguza kidogo ile VAT, lakini kama lengo lilikuwa kununua mashine ya kukunja bati ya laki nane, mashine hiyo haipo.

Kwa hiyo bei ya kuuzia mapema haipangwi kwa kutoa punguzo kwenye bei ya dukani. Inaanza na gharama zote, ikiwemo ya kubadilisha zilizoharibika, kisha inaongezwa sehemu ya mashine igawanywe kwa idadi ndogo kabisa ya wanunuzi unayoweza kuridhika nayo. Ikitoka kubwa kuliko soko linavyoweza kubeba, njia ya bidhaa haikufai, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa na kalamu mkononi.

VAT ina mtego wa tarehe. Kwa sheria ya Kenya kodi hiyo huzaliwa kwenye tukio linalotangulia kati ya kuwasilisha bidhaa, kutoa ankara na kupokea malipo, hata yakiwa ya sehemu tu. Watu wakilipa mwezi Machi kwa majiko yatakayotoka Septemba, kodi inapaswa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 Aprili. Kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, na kampeni moja iliyofana inaweza kuivusha hapo karakana ambayo haikuwahi kufikiria kodi hiyo. Aliyetumia pesa yote kwenye chuma atatafuta mkopo wa kulipia kodi ya bidhaa ambazo hajazitengeneza.

Wenye kitu kipya kweli wana la ziada la kuangalia. Video nzuri ya kampeni huonyesha kifaa kinavyofanya kazi, ndani na nje. Ulaya, uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) kwa kawaida hauwezi tena kupewa hataza. Ombi litangulie, video ifuate.

Pesa inapita wapi

Kickstarter inapokea waanzilishi kutoka nchi ilizoziorodhesha tu, na Kenya na Tanzania hazimo. GoFundMe, jukwaa la michango, vivyo hivyo. Suluhisho la mtaani ni ndugu aliyeko Texas au Birmingham afungue kampeni kwa jina lake. Inawezekana, lakini kwa macho ya mamlaka ya kodi ya huko, aliyeuza bidhaa ni yeye. Yeye ndiye atakayeulizwa mapato hayo yalitoka wapi, na benki inaweza kuzuia akaunti yake ya mshahara iliyopokea ghafla malipo 400 madogo. Mfanye walau wakala kwa mkataba ulioandikwa, unaosema anakusanya kwa niaba ya kampuni, anatoza nini, na ndani ya siku ngapi anatuma. Mwekee pia akiba, kwa sababu mteja aliyelipa kwa kadi anaweza kudai pesa yake kupitia benki miezi kadhaa baadaye, na kama wewe ulishaitumia, itakatwa kwake.

Kwa michango ya ndani, namba binafsi ya simu haifai hata kwa kipimo cha ukubwa. M-Pesa ya mtu binafsi Kenya haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Ikijaa, malipo yanarudi kwa watumaji nao wanadhani wametapeliwa. Tumia paybill, au Lipa Namba kwa Tanzania, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni na inayoingiza pesa kwenye akaunti ya benki isiyotumika kwa jambo lingine. Kila mchangiaji aandike namba ya kumbukumbu. Bila hiyo mhasibu atakaa na orodha ya miamala 500 yenye majina ambayo mengine ni ya mke, mpwa au wakala wa duka, bila kujua nani hasa ana haki ya jiko.

Amua mapema, na uandike kwenye tangazo, kitakachotokea lengo lisipofikiwa. Mfumo wa "yote au hakuna" humlinda kila mmoja: usipofika, pesa inarudi. Mfumo wa kuchukua chochote kilichopatikana huonekana mtamu, ila unakuacha na milioni mbili za mradi wa milioni sita, watu 300 wanaosubiri, na hakuna mashine ya robo. Ukichagua mfumo huo, kuwe na kiwango cha chini ambacho chini yake huanzi. Pesa ya kusubiri ishikwe na mtu wa tatu, benki au wakili, asiyeweza kuitoa kwa saini ya mkurugenzi peke yake.

Orodha ya wachangiaji yenyewe ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019, Tanzania sheria ya 2022. Kuibandika hadharani "kwa shukrani," na majina na namba za simu, ni kosa jingine linalofanywa kwa nia njema.

Wanahisa wako 180, na mwekezaji mkubwa amekuja

Tuseme yote yamekwenda sawa. Kampuni iligeuzwa kuwa ya umma, imeuza asilimia 10 kwa milioni 8, maana yake imejithaminisha kwa milioni 80. Miaka mitatu baadaye anakuja mwekezaji mwenye pesa nzito. Kitu cha kwanza anachoomba ni daftari la wanahisa. Wengine wamefariki na mirathi haijafunguliwa, wengine wamehamia Muscat na namba hazipatikani, mmoja amemuuzia shemeji kwa mdomo. Kila uamuzi mkubwa unadai kura zao, na hisa mpya kwa kawaida huanza kupewa waliopo kabla ya mgeni. Mwekezaji haondoki kwa hasira. Anasema atawasiliana, hawasiliani.

Dawa yake inawekwa kwenye katiba ya kampuni kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Wachangiaji wapewe daraja la hisa lisilo na kura kwenye mambo ya kila siku. Kuwe na kipengele kinachowalazimisha wachache kuuza wengi wakikubali kuuza, na kingine kinachowapa wachache haki ya kuuza kwa bei ile ile ya wakubwa. Taarifa zitumwe kwa anwani ya mwisho iliyoandikishwa, na zihesabike zimefika. Mambo haya yakiletwa baada ya watu kuingia, yanahitaji kura za wale wale wanaobanwa nayo.

Upande wa mchangiaji una hatari ambayo tangazo haliitaji kamwe. BrewDog, kiwanda cha bia cha Scotland, kilianza kuwauzia wateja hisa mwaka 2009, na ilibidi kiwe kampuni ya umma ili kufanya hivyo. Mwaka 2017 kilipokea mwekezaji mkubwa kutoka Marekani aliyechukua asilimia 22 hivi kwa hisa za upendeleo zenye faida ya asilimia 18 kwa mwaka, inayojilimbikiza. Kwa kiwango hicho, 100 inakuwa zaidi ya 318 kwa miaka saba, na kampuni ikiuzwa, fungu hilo linatoka kwanza. Wenye hisa za kawaida hugawana kinachobaki, kama kipo. Hata hivyo, thamani iliyotangazwa mwaka huo iliwafanya wengi wajione wamepata. Anayenunua hisa za kampuni binafsi kwa hiyo aombe katiba yenyewe asome mpangilio wa nani analipwa kabla ya nani. Kijitabu chenye picha hakina habari hiyo.

Jambo la mwisho linawahusu walioko Marekani wanaotaka kuweka pesa nyumbani kwa njia halali. Msamaha ule wa dola milioni 5 ni wa makampuni yaliyosajiliwa Marekani tu. Kampuni ya Nairobi au Arusha haiwezi kuutumia moja kwa moja, ndiyo maana nyingi hufungua kampuni mama Delaware, jimbo la Marekani, ambayo ndiyo inayochangisha na kumiliki ile ya huku. Mchangiaji basi anamiliki hisa za Delaware, na gawio likitoka kiwandani Kenya linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla halijavuka kwenda kwa kampuni mama. Kampuni mama nayo ina hesabu zake za kodi huko. Kabla ya kusaini, uliza ni kampuni ipi hasa inayomiliki mashine, ardhi na jina la biashara. Kama vyote vimebaki kwa mkurugenzi binafsi au kwa kampuni nyingine ya ndugu yake, hisa za Delaware zinaweza kuwa halali kabisa na zisiwe na chochote nyuma yake.